Anatembea, Lakini Chenji Inamshinda

Maneno haya niliyasema mjini Moshi, wiki ya Siku ya Kiharusi Duniani ambayo huwa tarehe 29 Oktoba, mbele ya familia zinazouguza watu waliovuja damu kwenye ubongo. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Wazee wangu, shikamooni. Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum. Ninyi mliokuja na wagonjwa wenu, wengine nimewaona mkishuka kwenye bodaboda mgonjwa mmemweka katikati, poleni sana na safari.

Leo sitaanza na mguu wala mkono. Naanza na noti ya shilingi elfu kumi.

Baba yangu mdogo ana duka Boma Ng'ombe. Anauza sukari, chumvi, sabuni, mafuta ya kupima, na misumari kwa kilo. Miaka sita iliyopita, asubuhi akiwa anafungua kufuli la duka, mshipa ulipasuka ndani ya ubongo wake, upande wa kushoto. Kadi yake ya presha tuliikuta kwenye droo ya pesa. Dawa alikuwa ameziacha miezi mitatu nyuma kwa sababu alijisikia mzima. Alilazwa wiki tatu, akatoka na fimbo, na ilipofika mwezi wa nne fimbo akaiegesha nyuma ya mlango. Kanisani tulitoa sadaka ya shukrani. Ukoo mzima ukasema amepona, na mimi nikasema hivyo hivyo.

Jumamosi moja nilikuwa nimekaa naye dukani. Akaja mtoto wa jirani, akanunua vitu vya shilingi 4,300, akatoa noti ya elfu kumi. Baba mdogo akaanza kuhesabu chenji juu ya meza, noti moja moja, taratibu. Alipofika elfu tatu, fundi mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni akauliza bei ya misumari ya nchi tatu. Akamjibu. Aliporudi kwenye chenji, akaanza upya, akahesabu 5,700 yote juu ya zile elfu tatu zilizokuwa tayari mezani, akamkabidhi mtoto shilingi 8,700. Mtoto akanitazama mimi. Nilimfuata nje nikachukua elfu tatu. Niliporudi ndani, baba mdogo alikuwa anajifuta jasho kwenye paji la uso, na ilikuwa saa tatu asubuhi, baridi. Akaniambia, "Mwanangu, funga duka. Nimechoka."

Nataka mwelewe kilichokuwa kinaendelea nyumbani wakati huo. Mtaji wa duka ulikuwa unashuka kila wiki. Mama mdogo alikuwa ameshaamini kuna nyumba ndogo. Kilishaitwa kikao cha familia, mzee akakalishwa mbele ya wadogo zake na watoto wake, akaulizwa pesa zinakwenda wapi. Hakujibu. Tulikichukulia kile kimya kama kukiri. Kumbe hakuwa na jibu kwa sababu na yeye alikuwa hajui.

Mimi kazi yangu ni tiba kazi. Nimefundishwa kumrudisha mtu kwenye shughuli zake za kila siku. Kwa miezi minne nilimfanyisha baba mdogo mazoezi ya kufunga vifungo vya shati, kubana mpira, kupanda ngazi, kuchota maji kwa kikombe. Sikumuuliza hata siku moja, elfu kumi ukitoa 4,300 inabaki ngapi, huku mtu mwingine anamsemesha pembeni. Hilo limeniuma miaka yote hii, na ndilo lililonifanya nikubali mwaliko wenu.

Sasa nieleze kidogo, maana wengi hapa mmeambiwa neno kiharusi bila kuambiwa ni kiharusi gani. Kuna kiharusi cha mshipa kuziba, na kuna kiharusi cha mshipa kupasuka. Kwa macho havitofautiki, ndiyo maana hospitali wanataka kipimo cha CT-Scan. Cha kuziba ndicho kingi zaidi, lakini kwetu Afrika sehemu ya wale wanaopasukwa na mshipa ni kubwa kuliko Ulaya, na sababu kubwa ni presha isiyotibiwa. Kuna pia wale ambao damu huvuja nje kidogo ya ubongo, chini ya utando wake, mara nyingi kutokana na mshipa uliotuna kama puto. Hao wengi ni watu wa umri wa kufanya kazi. Mtu anasema, "Kichwa kimeniuma ghafla kuliko siku zote za maisha yangu," kisha anaanguka.

Damu ikimwagika ndani ya ubongo, inaumiza mara mbili. Kwanza inasukuma na kubana, kwa sababu fuvu ni mfupa, halitanuki. Halafu, siku zinazofuata, ile damu iliyovia inaanza kuvunjika, na mabaki yake, hasa madini ya chuma yaliyokuwa ndani yake, yanaunguza sehemu za jirani. Na presha ina tabia ya kupasua vimishipa vidogo vilivyoko ndani kabisa ya ubongo, mahali ambapo nyaya nyingi hupita kuunganisha chumba na chumba. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na kumbukumbu zake zote za utotoni, anajua majina ya wajukuu, anaimba nyimbo za kwaya bila kitabu, lakini kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja kunamshinda. Vyumba viko, nyaya zimekatika.

Familia nyingi huja wakiniambia, "Anasahau." Huwa nawauliza, anasahau au halikuingia? Hapo kuna tofauti kubwa. Mwambie mgonjwa maneno matano, zungumzeni mambo mengine kwa dakika tano, halafu mwulize. Akikwama, mpe kidokezo: "Moja lilikuwa tunda." Akikurupuka akasema, "Embe!", basi ghala lake lipo na mali iko ndani, ila njia ya kuifikia imekuwa na matope. Huyo unamsaidia kwa daftari, kwa kengele ya simu, kwa kuweka funguo kwenye msumari ule ule kila siku. Lakini kama hata ukimpa kidokezo anakutazama kama hajawahi kulisikia lile neno, ama hakuwa anasikiliza, na hapo zima redio na umwambie tena mkiwa wawili tu, au ghala lenyewe limeguswa. Kila hali ina msaada wake. Neno "anasahau" peke yake halimsaidii daktari wala mgonjwa.

Nisimulie na habari ya sahani. Mama mmoja alivuja damu upande wa kulia wa ubongo. Akarudi nyumbani kwa mwanawe, anaongea vizuri sana, anacheka, anasali. Baada ya mwezi, nyumba ikawaka moto wa maneno: mama anasema mkwe wake anamnyima nyama. Mwana akaanza kumwamini mama. Yule binti alilia mbele yangu, akasema, "Dada, namwekea kila siku, naapa." Nikaomba niende saa ya chakula. Sahani ikaja: ugali, mchicha upande wa kulia, nyama upande wa kushoto. Mama akala mchicha, akala ugali mpaka katikati, akasimama. Ugali uliobaki ulikuwa umekatika wima kama umepigwa rula. Akasema, "Mmeona? Nyama sipewi." Nikaigeuza ile sahani nusu mzunguko, bila kusema neno. Akaitazama, akanitazama, akauliza, "Hii imetoka wapi?"

Macho ya yule mama ni mazima. Ubongo wake ulikuwa umeacha kuhesabu upande wa kushoto kama sehemu ya dunia. Watu wa namna hii hugonga bega la kushoto kwenye fremu ya mlango, hunyoa ndevu upande mmoja, husoma nusu ya mstari wa Biblia au Kurani wakalalamika kwamba maneno hayaleti maana. Dawa yake ya nyumbani ni mazoezi: kaa upande wake wa kushoto unapoongea naye ili ageuke kukutafuta, weka utepe mwekundu ukingoni mwa meza upande huo, mfundishe kila akila atafute utepe kwanza. Yule binti alifanya hivyo wiki nyingi. Sijui mwana alimwomba mkewe radhi kwa maneno gani, lakini najua aliomba.

Je, jambo hili ni kubwa kiasi gani? Mwaka 2016 zilitoka taarifa mbili za utafiti ninazozirudia kila ninapofundisha. Lille, Ufaransa, waliwafuatilia watu 218 waliovuja damu kwenye ubongo na ambao kabla ya hapo hawakuwa na dimensia, yaani akili kudhoofu kiasi cha mtu kushindwa kujitegemea. Mwaka wa kwanza ulipoisha, 14 kati ya kila 100 walikuwa nayo. Miaka minne ilipoisha, 28. Waliovuja damu karibu na ganda la nje la ubongo walikuwa na hatari zaidi ya mara mbili ya waliovuja ndani. Kule Boston, Marekani, kati ya watu 738, asilimia 19 walikuwa nayo ndani ya miezi sita tu. Na hao ni waliofika kiwango cha dimensia. Baba yangu mdogo hangehesabiwa humo hata kidogo. Anavaa, anaoga, anasali, anajua leo ni siku gani. Watu wa aina yake, ambao madhara yao yanaonekana dukani na kwenye kikao lakini hayaonekani kitandani, ni wengi kuliko hao.

Na zitazameni zile namba za mwaka wa nne. Damu ilishanyonywa zamani, kidonda kimekauka, mbona wanaongezeka? Kwa sababu mshipa kupasuka lilikuwa tukio moja la ugonjwa wa muda mrefu. Mishipa iliyobaki imechoshwa na presha ile ile, na kila mwaka inaendelea kunyima nyaya damu kidogo kidogo. Nitarudi kwenye presha kabla sijakaa.

Watu wa Wilaya ya Hai na wa hapa Moshi tuna jambo la kujivunia, nalo halisemwi vya kutosha. Wakati wa kuhesabu kiharusi Tanzania nyumba kwa nyumba, kazi ilifanyika Hai na Dar es Salaam, kati ya 2003 na 2006, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010: kila mwaka, tofauti za umri zikishasawazishwa, watu wapya karibu 109 kwa kila laki moja Hai, na karibu 316 kwa kila laki moja Dar es Salaam. Namba ya Dar ni ya kutisha. Baadaye, Hai hiyo hiyo ikazaa kipimo cha akili kinachoitwa IDEA, kilichotengenezwa na watafiti wa Tanzania na Uingereza kwa ajili ya wazee ambao hawakwenda shule. Humo hakuna kuandika. Unaulizwa daraja ni nini. Unaulizwa kiongozi wa kijiji chako anaitwa nani. Unataja wanyama wengi uwezavyo kwa dakika moja. Unakumbuka maneno. Halafu unapewa njiti za kiberiti.

Nina kiberiti hapa mfukoni. Napanga njiti nne hivi, umbo fulani, kila kichwa cha njiti kikitazama upande wake. Nampa mgonjwa njiti nne zake, namwambia, panga kama zangu. Bibi ambaye hajawahi kushika kalamu amewasha moto kwa njiti hizi miaka hamsini, hazimtishi. Kama mikono haitetemeki na macho anaona, na bado vichwa vinatazama ovyo au njiti moja inaachwa nje, hapo ubongo umeniambia jambo ambalo mdomo wake mtamu ulikuwa unalificha.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu hospitali nyingi hutumia kipimo kinachoitwa MoCA, kilichotoka Montreal, Kanada, kikachapishwa mwaka 2005 na daktari Ziad Nasreddine na wenzake. Ni kipimo kizuri, alama 30, nami nakitumia kwa waliosoma. Lakini kinataka mtu achore mchemraba na achore saa. Saa yenyewe, kwa Kiingereza, ni kumi na moja na dakika kumi. Siku moja mwanafunzi aliisoma karatasi kama ilivyo, akamwambia mzee, "Chora saa kumi na moja na dakika kumi." Mzee akachora duara safi, akaweka namba zote, akauweka mshale mfupi kwenye 5 na mrefu kwenye 2. Mwanafunzi akaandika: amekosa. Amekosa nini? Kwa saa ya Waswahili mzee amepata yote! Angeambiwa saa tano na dakika kumi, mshale mfupi ungekaa kwenye 11 kama ulivyokaa tangu anafundishwa saa shuleni. Wanafunzi mliopo hapa, tafadhalini. Alama moja ya namna hiyo inaweza kumpeleka mtu nyumbani na jina la ugonjwa ambao hana, na mwingine akakosa jina la ugonjwa alio nao.

Nimesema "jina" kwa makusudi. Wataalamu huita uwezo huu wa kufikiri na kukumbuka utambuzi. Mtaani tunasema akili, na neno akili kwetu lina makali. Ukisema "baba akili yake imeumia," jirani anasikia "baba ni chizi." Basi familia inaficha, au inatafuta jina jingine. Yuko anayesema mvivu. Yuko anayesema ana kiburi siku hizi, haitikii salamu. Dar es Salaam wapo wengi ambao kiharusi chenyewe wanakiita shetani, na mzee akianza kulia bila sababu au kucheka msibani, wanasema shetani amerudi. Kulia na kucheka kusikozuilika kunatokea kweli baada ya ubongo kuumia, kuna maelezo yake na kuna dawa zake. Na sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, ni jambo jingine, ya kawaida mno baada ya kiharusi, nayo peke yake inaweza kumfanya mtu aonekane amepoteza akili. Ukiitibu, sehemu ya "usahaulifu" inaweza kuondoka nayo.

Halafu uchovu. Huu naomba muuamini hata kama hamuuoni. Mtu aliyevuja damu kwenye ubongo anatumia nguvu nyingi kusikiliza mazungumzo ya watu wanne kuliko wewe unavyotumia kulima. Ibada inayochukua saa tatu, yenye vipaza sauti, inamlaza siku mbili. Mpeni mapumziko mchana, mpeni mgeni mmoja mmoja, na jambo gumu la siku lifanyike asubuhi.

Kuna swali naulizwa kila mara, na pengine hata leo mtaniuliza: "Atarudi lini?" Zamani tuliwaambia watu miezi sita, baada ya hapo hakuna kitu. Maneno hayo yamewafanya watu wengi waache mazoezi, na kwa waliovuja damu hayakuwa sawa hata tulipoyasema. Sehemu ya ubongo iliyobanwa na damu haijafa yote. Nyingine imezimia, na inaamka taratibu damu ikinyonywa na uvimbe ukishuka. Uchambuzi wa majaribio mawili makubwa ya tiba ya kuvuja damu, uliotoka mwaka 2022, ulionyesha kwamba kati ya watu waliokuwa na ulemavu mkubwa siku ya 30, zaidi ya wanne katika kila kumi walikuwa wamefika hali nzuri mwaka ulipotimia. Karibu robo, ni kweli, walifariki ndani ya mwaka huo. Nawaambia yote mawili kwa sababu yote mawili ni yenu. Na kuna mwanasayansi wa ubongo wa Marekani, Jill Bolte Taylor, alivuja damu Desemba 1996 akiwa na miaka 37, akawa hawezi kuongea, kusoma wala kuandika. Anasema ilimchukua miaka minane kupona. Yeye alikuwa na mama yake aliyehamia kwake na kumfundisha upya kama mtoto. Ninyi mliokaa hapa ndio mama huyo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo linanikasirisha, na nitalisema mbele ya wazee wa ukoo waliopo. Kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo.

Nimeona mtu ametoka hospitali wiki ya tano, mkono haujanyanyuka, kaka zake wanamletea karatasi asaini. Mtu huyo anaweza kutaja jina lake, anaweza kusema ndiyo, anaweza hata kucheka nao. Lakini kupima faida na hasara, kukumbuka alichoahidiwa mwanzo wa mazungumzo mpaka mwisho wake, hapo ndipo alipojeruhiwa. Sahihi hiyo msiitake. Subirini miezi, apimwe, na mashahidi wawepo. Na nimeona kinyume chake, mtu ambaye hapati maneno kwa sababu ya afasia, ulimi umegoma lakini anaelewa kila kitu, ndugu wanatangaza kwamba amerukwa na akili ili wagawane migomba yake akiwa hai. Mwulizeni kwa picha. Mwulizeni maswali ya ndiyo na hapana, kisha mgeuze swali muone kama jibu linageuka. Mkishindwa, tuleteeni. Sauti ikipotea, haki ya mtu kwenye kihamba chake haipotei nayo.

Na pesa ya simu vilevile. Mteue mtu mmoja tu wa kumsaidia, namba ya siri isizunguke nyumba nzima, na kwenye simu anayotembea nayo kibaki kiasi kidogo. Anayeendesha bodaboda au gari, hata kama mguu na mkono vina nguvu, asirudi barabarani mpaka apimwe macho, upande anaoupuuza, na wepesi wa kuamua. Hili vijana hawalipendi. Kijana mmoja alinikasirikia mwezi mzima. Nilimwekea njiti, nikamwekea karatasi ya kutafuta namba, akaona mwenyewe kwamba kila kilichokuwa kushoto kilimpita. Akanyamaza, akauza pikipiki, akafungua kibanda cha kuchaji simu.

Kuna dalili zinazotaka hospitali, msizisubirishe. Mtu aliyekuwa anaendelea vizuri, ghafla au kwa wiki chache, anaanza kutembea kwa kuburuta miguu kama imenata sakafuni, mkojo unamtoka, na akili inazidi kuwa nzito. Mambo hayo matatu yakija pamoja, hasa kwa aliyevuja damu chini ya utando wa ubongo, inawezekana maji yamejaa kichwani, na hayo yanaweza kutolewa kwa upasuaji wa kuweka mrija. Nimeona watu wakirudi kutoka huko wakitembea. Angalieni pia degedege, hata zile ndogo, mtu anakodoa macho nusu dakika na hajibu, kisha hakumbuki. Na kichwa kuuma kwa ghafla tena, au mdomo kwenda upande: siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo.

Nimalizie deni la presha. Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa mwaka 2022 unataka aliyevuja damu presha yake ishushwe hadi 130 kwa 80. Utafiti mwingine wa Boston wa mwaka 2015 ulitazama waliovuja damu sehemu za ndani: wasiodhibiti presha, damu ilirudi kuvuja kwa watu 52 katika kila 1,000 kwa mwaka, waliodhibiti, 27. Dawa zetu za kawaida zinafika huko, mkizinywa siku mnazojisikia wazima pia. Chumvi ipungue, mbege na konyagi viachwe. Na jambo moja ambalo linaua: jirani yako alipata kiharusi cha kuziba, anakunywa aspirini ya kulainisha damu, anakuja anakugawia kwa upendo. Mgonjwa wako aliyevuja damu usimpe. Dawa za maumivu kama diklofenaki za kununua duka la dawa usimpe pia bila kuuliza, zinapandisha presha na zinaweza kuongeza kuvuja.

Baba mdogo bado anafungua duka. Anafungua saa mbili asubuhi, anafunga saa sita, na mchana analala. Kwenye meza kuna sahani mbili za bati: moja ya noti ya mteja, moja ya chenji, na noti ya mteja haiondoki kwenye sahani yake mpaka chenji imetimia. Ukutani mama mdogo ameandika kwa chaki, herufi kubwa, MTEJA MMOJA KWANZA. Fundi akiuliza bei ya misumari, anaonyeshwa ule ukuta.

Sasa tule chai. Meza iliyo nyuma nimeweka viberiti na mashine ya presha. Njooni na kadi zenu za kliniki na dawa zote mnazotumia, hata zile mlizopewa na jirani. Nitaanza na baba aliyekaa karibu na dirisha, maana ametoka mbali na gari lao la mwisho linaondoka saa kumi.